Kuandika Mara Moja: Mitambo ya Hesabu katika Uendeshaji wa Chama

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Gunia la korosho likifika mizanini katika chama cha msingi, jambo la kwanza linalofanyika ni kuandikwa. Karani huandika jina la mkulima na kilo zake katika daftari la mapokezi, kisha humkatia stakabadhi. Jioni kilo zile zile huhamishiwa katika leja ya wanachama. Gari likija kuchukua mzigo, huandikwa tena katika hati ya usafirishaji. Ghala kuu nalo hupima na kuandika upya. Mnada ukiisha, kilo hizo huingizwa katika orodha ya malipo. Na orodha hiyo ikifika benki huandikwa kwa mara nyingine, safari hii pamoja na namba ya akaunti. Hivyo mzigo mmoja wa mkulima mmoja huweza kuandikwa mara sita kabla mwenyewe hajashika senti.

Kila anayeandika ni binadamu, na mkono wa binadamu huchoka. Kilo 68 huwa 86. Hamisi huwa Hamis, na benki, ambayo haina undugu na mtu, huzirudisha fedha kwa kuwa majina hayalingani. Siku ya malipo mkulima huja ofisini na stakabadhi yake iliyokunjwa mara nne, katibu hufungua madaftari manne, na madaftari manne hutoa majibu manne. Hapo ndipo neno wizi huanza kutamkwa, mara nyingine kwa haki, mara nyingi bila haki. Chama ambacho wanachama wake wamekwisha kulizoea neno hilo hupelekewa mazao machache msimu unaofuata, kwa maana mnunuzi wa kangomba yuko njiani na kibaba chake, na fedha taslimu i mkononi.

Kwa sababu hiyo mazungumzo ya kompyuta katika ushirika si mazungumzo ya anasa. Katika Tanzania vyama vingi vimekwisha kuyaingia, vikipenda visipende: mizani ya kidijitali imeenea, malipo hupitia benki na simu, na taarifa za vyama hupelekwa kwa njia ya Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kwa jina la MUVU, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Lakini chama chaweza kununua mtambo na bado kikaendelea kuandika mara sita. Karani atasoma kilo kwenye mizani na kuziandika daftarini. Mwingine atazinakili toka daftarini na kuziingiza katika kompyuta. Na wa tatu atazichapa upya kwa ajili ya benki. Chama cha namna hiyo kimeongeza gharama tu, na makosa yake sasa yanatoka yamechapwa vizuri. Swali linalompasa mwanachama kuuliza ni hili: je, tarakimu iliyopatikana mizanini ndiyo ile ile inayofika ghalani, katika leja, benki na mezani kwa bodi, bila mtu yeyote kuiandika upya?

Watu wa kwanza kulijibu swali hilo kwa mtambo walikuwa wauza chai.

Kampuni ya J. Lyons ya London ilikuwa na maduka mengi ya chai, pamoja na kiwanda kikubwa cha mikate na keki. Biashara ya aina hiyo ni ya faida ndogo ndogo zinazokusanywa toka mauzo mengi sana, na kila kikombe kilikuwa na karatasi yake. Makarani walijaa maofisini wakijumlisha. Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri kijana mmoja mwanahisabati, John Simmons, na mapema katika miaka ya 1930 ikaanzisha idara ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kuchunguza taratibu za ofisi, kujua kila karatasi inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na ingetokea nini kama isingekuwapo. Yafaa jambo hili lisipitwe upesi. Kwa zaidi ya miaka kumi, kabla kompyuta haijatengenezwa popote, watu wa Lyons walikuwa wakifuta karatasi zisizo na kazi na kuunganisha zile zilizosema jambo moja mara mbili.

Mwaka 1947 maofisa wawili wa kampuni hiyo walisafiri hadi Marekani kutazama njia mpya za kazi za ofisi. Wakaziona kompyuta za mwanzo, zilizokuwa zimejengwa kwa hesabu za kijeshi na za kisayansi, na wakatambua kwamba mtambo wa namna ile ungeweza kufanya kazi ya ofisi. Waliporejea, kampuni ilikisaidia Chuo Kikuu cha Cambridge fedha pauni 3,000 kwa ajili ya kompyuta iliyokuwa ikijengwa huko, kisha ikajenga ya kwake kwa mfano huo. Iliitwa LEO. Ilijaza chumba kizima kwa maelfu ya taa za kioo ziitwazo vali, na kumbukumbu yake yote ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya simu ya bei ya chini kabisa iliyomo mfukoni mwa mkulima leo. Novemba mwaka 1951 ilianza kufanya hesabu za thamani ya mikate na keki, na hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya kawaida ya biashara kufanywa na kompyuta duniani. Ilipopewa hesabu za mishahara, kazi iliyomchukua karani hodari dakika nane kwa mfanyakazi mmoja ilikwisha kwa sekunde moja na nusu.

Hata hivyo uhodari wa mwendo si sehemu ya kuigwa. Ya kuigwa ni kazi ya maduka ya chai, iliyoanzishwa mwaka 1954. Kila msimamizi wa duka alikuwa na oda yake ya kudumu kwa kila siku ya juma: mikate kadhaa, keki kadhaa, na kadhalika. Oda hiyo ilikuwamo tayari mtamboni. Kila siku, kwa saa iliyopangwa, karani alimpigia simu msimamizi na kumwuliza mabadiliko tu: kesho nini kizidi, nini kipungue. Karani alisikiliza huku akitoboa mabadiliko hayo katika kadi, na kadi ikaenda mtamboni. Baada ya hapo hakuna aliyeandika tena. Toka kadi ile ile mtambo ulitoa hesabu ya vitu vya kuandaliwa, orodha ya kufungashia mizigo, thamani ya kudaiwa kila duka, na taarifa kwa wakubwa kuonyesha maduka yaliyokwenda nje ya kawaida. Uzalishaji, usafirishaji, uhasibu na usimamizi, idara nne ambazo hapo zamani kila moja ilikuwa na daftari lake na ugomvi wake, zikawa zinasoma maneno yaliyosemwa mara moja katika simu. Mwenye kutaka kujua maana ya kuunganisha shughuli za uongozi kwa mtambo hana haja ya maelezo marefu kuliko hayo.

Mwanachama aweza kusema kwamba Lyons ilikuwa kampuni tajiri, nacho chama cha msingi ni cha watu wenye ekari mbili tatu. Basi na watazamwe wanaushirika wa Anand, katika jimbo la Gujarat nchini India. Chama chao kikuu cha wafugaji wa wilaya ya Kaira kiliandikishwa mwaka 1946, chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel, na mwaka 1949 akafika huko mhandisi Verghese Kurien aliyekuja kuwa meneja wake mashuhuri. Maziwa yao huuzwa kwa jina la Amul. Wengi wa wanachama wa vyama vya vijijini wana ng'ombe au nyati wachache mno, nao hupeleka maziwa asubuhi na jioni, kila mmoja na chombo chake.

Bei ya maziwa hutegemea wingi wake na mafuta yaliyomo. Kwa utaratibu wa zamani kila mwanachama alichukuliwa sampuli katika kichupa, mafuta yakapimwa baadaye kwa tindikali, majibu yakaandikwa, hesabu ikafanywa kwa mkono, na mkulima akaja kuambiwa kiasi cha fedha yake. Kati ya kichupa na fedha kulikuwa na nafasi kubwa ya kukosea, na kubwa zaidi ya kushukiana. Katika miaka ya 1990 vyama vya huko vilianza kufunga mitambo katika vituo vya kukusanyia maziwa. Mwanachama hutambulishwa kwa namba yake, mizani hupima, kipimo cha mafuta hujibu katika muda wa sekunde chache, na papo hapo hutoka karatasi yenye kiasi cha maziwa, kiwango cha mafuta na fedha anayostahili. Jioni hiyo hiyo chama kinajua kimepokea kiasi gani na kinadaiwa kiasi gani.

Jambo la kuangaliwa katika mfano wa Anand ni mahali mtambo ulipowekwa. Haukuwekwa katika chumba cha meneja, bali pale mkulima anaposimama na chombo chake, na jibu la kwanza hupewa yeye. Vyama vingi huanza upande wa pili: kompyuta ya kwanza hufungwa ofisini kwa mhasibu, huku mizanini kukibaki kalamu na giza la jioni. Mtambo wa mhasibu hauwezi kujua zaidi ya alichoandika karani.

Hadi hapa habari ni njema. Iko na habari nyingine, nayo inawahusu makatibu kuliko watu wote.

Biashara ya kompyuta ya Lyons haikudumu peke yake. Mwaka 1963 iliungana na kampuni ya English Electric, na mwaka 1968 makampuni ya Uingereza yaliunganishwa tena kuwa moja, ICL, ambayo baadaye iliingia mikononi mwa Fujitsu ya Japani. Ukoo huo huo uliozaa kompyuta ya wauza chai ndio uliokuja kutengeneza, kwa ajili ya Shirika la Posta la Uingereza, mfumo uitwao Horizon.

Posta nyingi za Uingereza huendeshwa na mawakala, watu wenye duka dogo mtaani au kijijini, ambao huuza stempu, hupokea amana na hulipa pensheni kwa niaba ya Posta. Kuanzia mwaka 1999 Horizon iliwekwa katika kaunta zao. Kwa maelezo ulikuwa ni muungano uliotimia: kila muamala uandikwe mara moja kaunta, na makao makuu wauone. Lakini mawakala walipofunga hesabu walianza kukuta upungufu. Mara pauni mia, mara maelfu. Fedha zilizomo kasikini hazikulingana na zile ambazo mtambo ulidai kuwa zimo. Posta ikashikilia kwamba mtambo ni sahihi na wakala lazima afidie. Waliopiga simu kuomba msaada, wengi wao wameeleza baadaye kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo. Wakauza mali, wakakopa kwa ndugu, na wasioweza kulipa wakapelekwa mahakamani. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, kwa wizi au kwa hesabu za uongo, na baadhi yao walifungwa gerezani.

Hawakuwa wezi. Mtambo ulikuwa na kasoro. Mfano mmoja ulitokea Dalmellington, Scotland, mwaka 2015: mtumishi alikuwa akipokea fedha pauni 8,000, skrini ikaganda, naye akabonyeza tena na tena ili iendelee, mtambo ukaandika kila mbonyezo kuwa ni mapokezi mapya, na hesabu ikaonyesha kwamba amepokea pauni 32,000. Kwa karatasi alikuwa na upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazijapata kuwako.

Lipo na lililo baya zaidi ya kasoro. Mafundi wa Fujitsu, wakiwa mbali katika ofisi zao, waliweza kuingia na kubadili hesabu za kaunta bila wakala kujua, hali Posta kwa miaka ilikana kwamba jambo hilo lawezekana. Naye wakala hakuwa na daftari lake mwenyewe la kulinganisha, wala hakuwa na njia ya kuitazama kumbukumbu kamili ya mtambo. Sheria nayo haikumsaidia: mwaka 1999 Uingereza ilifuta sharti la awali lililotaka ithibitishwe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa kabla maandishi yake hayajapokewa kuwa ushahidi. Tangu hapo mtambo ulidhaniwa kuwa mkweli mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo, na mshtakiwa hakuwa na cha kuthibitishia.

Wakala mmoja wa Wales, Alan Bates, alikataa kulipa upungufu asioutambua, na mwaka 2003 mkataba wake ukavunjwa. Alikusanya wenzake hadi wakafika 555 wakaishitaki Posta. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro ziwezazo kusababisha upungufu katika hesabu. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta za waliobaki wa Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini. Scotland ikatunga ya kwake. Baadhi ya waliosafishwa walikuwa wamekwisha kufariki.

Katibu wa chama cha msingi na wakala yule wana mengi ya kufanana. Wote wawili hushika fedha za watu wengi kwa ujira mdogo, wote huaminiwa na majirani zao, na wote hutakiwa kujibu pale hesabu inapopungua. Katibu aliyezoea leja anaweza kuonyesha mstari, sahihi na tarehe. Akipewa mtambo ambao hawezi kuuliza maswali, amenyang'anywa silaha yake ya kujitetea, hata kama amepewa kiti kizuri na skrini inayong'aa.

Haifuati kwamba vyama virudi kwenye madaftari sita. Daftari nalo limewatia watu hatiani bila haki, na limewaficha wezi wengi kuliko mtambo wowote. Linalofuata ni kwamba kuunganisha hesabu kuna masharti yake, na masharti hayo yawekwe na chama kabla fedha haijatoka, si muuzaji wa mtambo baada ya kulipwa.

Kazi ya kwanza haihitaji umeme. Katibu na makarani wakae na karatasi kubwa, waichore njia ya gunia toka mizanini hadi akaunti ya mkulima, na kila mahali panapoandikwa paulizwe: nani anasoma maandishi haya, na yakikosekana nani ataumia? Kisha kila mwanachama apewe namba moja ya kudumu, na jina lake liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo benki na katika kitambulisho cha taifa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Lakini chama kilichoimaliza kimefika nusu ya safari, na chama kisichoimaliza hakitafika hata kikinunua mitambo kumi. Mizani nayo ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kuungwa na kitu chochote, kwa kuwa mizani mbovu iliyounganishwa hupeleka uongo wake kote kwa mara moja, na hakuna daftari la pili la kuusuta.

Stakabadhi ya mwanachama ibaki, iwe ya karatasi. Ujumbe wa simu ni mzuri, lakini simu huibwa, huzimika na hubadilishwa laini. Kila jioni yachapwe mapokezi ya siku nzima, yatiwe sahihi na karani pamoja na mjumbe wa bodi, yahifadhiwe. Umeme ukikatika juma zima, chama bado kina hesabu yake.

Masahihisho yafanyike kama yalivyofanywa katika leja tangu zamani. Karani aliyefunzwa vizuri hakufuta kwa kifutio: alikata kwa mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, akaandika lililo sahihi, akatia sahihi. Mtambo nao usimruhusu mtu yeyote kufuta. Kila badiliko liwe ni ingizo jipya lenye jina, saa na sababu, na hii iwahusu kwanza mafundi wa muuzaji. Katika mkataba iandikwe wazi kwamba kumbukumbu zote ni mali ya chama, kwamba fundi hataingia bila katibu kujulishwa, na kwamba katibu au mkaguzi akitaka orodha kamili ya maingizo ataipata siku hiyo hiyo. Muuzaji anayelikataa sharti hili asinunuliwe kwake, hata akipunguza bei.

Anayepima asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe anayehakiki. Mtambo haufuti kanuni hiyo, ingawa huirahisishia njia ya kuvunjwa, kwani neno la siri la mtu mmoja likijulikana na watu watatu, kazi tatu huwa zimefanywa na mtu mmoja ambaye hajulikani. Kumpa mwenzio neno lako la siri ni sawa na kumwachia hundi uliyokwisha kuitia sahihi.

Kuhusu gharama, chama chenye wanachama mia mbili kisidanganywe kununua mtambo wake pekee. Hiyo ni kazi ya chama kikuu: kununua mfumo mmoja kwa vyama vyote, kuajiri fundi mmoja wa kuzunguka, na kuzungumza na muuzaji kwa sauti ya vyama vingi. Kwa msimu wa kwanza daftari na mtambo viende sambamba, na kila juma vilinganishwe. Makarani watalalamika kwamba kazi imeongezeka, nao watakuwa wanasema kweli. Hata hivyo msimu huo mmoja ndio pekee ambao chama kitakuwa na shahidi wa pili dhidi ya mtambo, na tofauti zote zitakazoonekana ziandikwe na zipelekwe kwenye bodi zikiwa na majibu.

Kuhusu wakati, kwa vyama vya korosho mambo haya hayawezi kuanzishwa Septemba, minada ikiwa imekwisha kubisha hodi. Miezi inayofaa ni ile ya katikati ya mwaka, mizani ikiwa imepumzika. Orodha ya namba na majina ya wanachama ibandikwe ubaoni mapema na ikae hapo si chini ya mwezi mmoja, ili mwenye jina lililokosewa aje ofisini na kitambulisho chake, alisahihishe mbele ya karani kabla gunia la kwanza halijawekwa mizanini.